Samoni Elfu Kumi na Mbili

Kwa miaka ishirini na sita Verna Kolstad alikaa mbele ya dirisha la kioo katika bwawa la umeme la Tarbell, akihesabu samaki aina ya samoni wanaopanda ngazi ya maji, vidimbwi vilivyopangwa kama vidato ili samaki wavuke bwawa, kwenda kutaga. Huhesabu dakika hamsini, hupumzisha macho dakika kumi, kisha huongeza sehemu ya tano kwa ajili ya wale waliopita akiwa amepumzika. Ndiyo kanuni ya kazi. Watu wa mji walimtania, "Verna, samaki wa jana walikusalimu?" Naye hujibu, "Walikuulizia wewe, mbona huonekani kanisani."

Mwaka ule leseni ya bwawa ilikuwa inakwisha, na tume ya serikali kuu ilikuwa inakuja kuwasikiliza watu kabla ya kuamua kutoa nyingine ya miaka arobaini. Siku tatu kabla ya kikao, Verna akaisoma ripoti ya wataalamu iliyoandaliwa kwa ajili ya tume: samoni elfu kumi na nne na mia nne. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Daftari lake lilisema elfu kumi na mbili. Walikuwa wameichukua hesabu yake, iliyokwisha kuongezwa sehemu ya tano, wakaiongeza sehemu ya tano nyingine. Na tume ilikwisha kusema: wakiwa chini ya elfu kumi na tatu, ngazi ijengwe upya, la sivyo hakuna leseni.

Akaenda kwa meneja, Dwayne Rasmussen.

"Bosi, hawa wamenizidishia samaki."

"Mimi nikizidishiwa kitu, mama, hunyamaza." Kisha Dwayne akaacha mzaha. "Ngazi mpya ni mzigo. Makao makuu ya kampuni wakiukataa, bwawa linafungwa. Hapa zinakula familia mia mbili."

"Nazijua, kwa majina."

"Sasa?"

"Sehemu ya tano niliiongeza mara moja, kwa kuwa kanuni imesema. Ya pili sikuagizwa na mtu wala na Mungu."



Kikao kilifanyika katika ukumbi wa michezo wa shule, pai za tufaha zikiwa zimepangwa mezani. Verna alisimama na madaftari yake kifuani, akaeleza kosa lilipoingia.

"Kaa chini, Verna, utatuzimia taa," mtu akasema nyuma.

"Wewe ni mtaalamu wa samaki?" afisa wa tume akauliza.

"Hapana, mheshimiwa. Mimi ndiye niliyewaona."

Afisa alifungua daftari moja, akafungua la pili, akapitisha kidole kwenye safu za tarakimu ambazo hata moja haikufutwa. Akamgeukia meneja. Dwayne akainuka polepole, akifunga kifungo cha koti.

"Miaka yote hii sijakuta kosa katika hesabu za mama huyu," akasema. "Tumieni zake. Makao makuu nimewapigia leo asubuhi. Ngazi tutaijenga."

Leseni ilitoka majira ya kuchipua: miaka arobaini, na ngazi mpya ndani ya mitatu. Ukurasa wake wa tisa uliandikwa, "kwa mujibu wa madaftari ya V. Kolstad." Dwayne aliuweka kwenye fremu, akautundika katika chumba cha chakula cha wafanyakazi. Verna aliusoma akiwa amesimama wima, mfuko wa chakula mkononi. Akamshukuru Mungu kimoyomoyo. Kisha akamwambia Dwayne kioo kina alama za vidole, akatoa kitambaa, akakifuta mwenyewe.