Gari Lililokuwa Ukuta

Shule niliiacha kwa ajili ya neno moja. Mwalimu wa misheni alitaka nisome sala kwa sauti, na katikati ya sala lilikuwamo neno ambalo pia ni jina la baba mkwe wangu. Nilikuwa nimekwisha kuposwa. Kwetu mke hatamki jina la baba mkwe, hamtazami, wala haketi naye mahali pamoja. Desturi hiyo tunaiita ukutila. Mwalimu akasema nisome au nitoke. Nikatoka. Hata hapa neno lile sitaliandika.

Nilibaki na Kiswahili changu kidogo, nacho ndicho kilichonipandisha gari la reli.

Reli ilikuwa ya Mjerumani mmoja mwenye shamba la mpira, nyembamba kiasi kwamba niliweza kuvuka vyuma vyote viwili kwa hatua moja. Ilianzia ufukweni Ikolo, ikapita Ngonga, ikaishia Ipinda. Injini haikuwapo. Gari lilisukumwa na wanaume wanne, mmoja wao mume wangu Andongwisye. Miezi yote walipokuwa wakilaza mataruma nilipita pale na mtungi kichwani, nikitamani kukaa juu ya kitu kile walau mara moja. Sikumwambia mtu.

Siku ya kuifungua, Feruzi, nyapara wa reli, mtu wa pwani, aliandika majina ya watu sita wa kupelekwa Ipinda, ambako bwana alingoja kuwapiga picha. Mimi niliandikwa ili nimsalimu bwana kwa Kiswahili.

Tuliondoka Ikolo watu watano, umande haujakauka. Ziwa lilibaki nyuma yetu, jeupe. Kulia ilisimama milima ya Ukinga, na mbele kabisa Rungwe, ikiwa na wingu shingoni. Migomba ilitupapasa mabega. Kwenye mteremko wa kijito wasukumaji waliruka wakaning'inia nyuma, gari likajiendea lenyewe, upepo ukaijaza kaniki yangu. Nikacheka kwa sauti. Bibi Marta, mfinyanzi, aliyekuwa akipeleka vyungu vyake sokoni, akaniambia kumbe nina meno.

Ngonga tukasimama kumchukua mtu wa sita. Nikasikia kikohozi.

Uso wa baba mkwe sikuwahi kuuona, lakini kikohozi chake nilikijua. Nilijifunika kichwa nikaruka chini, nikawapa mgongo.

Feruzi alicheka. Akauliza kama mkwe wangu ni simba. Akasema karatasi ina watu sita na sita watakaa garini, la sivyo mume wangu atakula hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano.

Andongwisye akaondoa mikono yake kwenye gari. "Niliandikwa kusukuma gari, nyapara. Sikuandikwa kumsukuma mke wangu."

Wale watatu wengine nao wakaondoa mikono. Feruzi akanishika mkono anivute. Ndipo nikaisikia sauti yangu mwenyewe.

"Kiti ni chako, nyapara. Miguu ni yangu. Ipinda nitafika."

Kikohozi kikasikika tena, safari hii ng'ambo ya reli. Baba mkwe naye hakupanda. Ukutila una pande mbili. Na yeye humkwepa mke wa mwanawe. Alishika upande wa kulia akaanza kutembea, mimi nikabaki wa kushoto. Bibi Marta akavipanga vyungu vyake kwenye viti vyetu viwili, kimoja juu ya kingine, hata visionekane vichwa vyetu.

"Sasa gari lako limepata kazi," akamwambia Feruzi. "Ni ukuta."

Jua lilikuwa linapanda na bwana alikuwa akingoja. Feruzi akaniachia. Wanaume wakasukuma.

Ipinda nilimsalimu bwana kwa Kiswahili safi, nikiwa chini, nyuma ya vyungu. Akapiga picha hivyo hivyo. Walioiona wanasema kuna vyungu vingi, na kati ya magurudumu kuna miguu miwili ya mwanamke.

Kesho yake Andongwisye alipigwa. Sitasema hakupigwa. Nilipokuwa nikimkanda mgongo aliniuliza kama upepo wa kule mteremkoni ulikuwa mzuri. Nikamwambia ulikuwa mzuri.

"Basi utapanda tena," akasema.

Habari ilikwisha kuenea. Gari liliposimama Ngonga, kila mwanamke alimwona mkwe garini akakataa kupanda, hata wale ambao wakwe zao walizikwa zamani. Siku tatu gari lilikwenda Ipinda tupu. Siku ya nne Feruzi alikuja na magari mawili, akasimama juu ya taruma na karatasi yake, na kabla mtu hajainua mguu akauliza, kwa adabu ya kulazimishwa, nani anamkwepa nani.

Wanawake walichukua muda mrefu kumweleza. Walikuwa hawana haraka.

Nilipanda gari la mbele, kiti cha mbele. Tulipoipita Ngonga, kwenye mteremko mwingine, niliiacha kaniki ishuke toka kichwani hadi mabegani. Nyuma, gari la pili, nikasikia kikohozi. Sikugeuka.