Njia ya Kwenda na Njia ya Kurudi

Wiki ile kila aliyepita mbele ya nyumba ya Fanueli pale Magamba, juu ya Lushoto, alisimama kulitazama gari lililoegeshwa uani. Na kila aliyesimama, Esteria alimwambia bila kuulizwa kwamba wanakwenda Kenya.

Lilikuwa Canter la zamani lenye bodi ya bati iliyofungwa kama sanduku. Fanueli, akiwa dereva wa hospitali, alikuwa amelipeleka Mponde, Bumbuli na vijiji vya huko nyuma likibeba madaktari wa macho. Alipostaafu, nalo likastaafishwa, akalinunua mnadani, wala hakumwambia mkewe mpaka lilipoingia uani. Esteria alinuna. Akanuna mpaka siku alipomkuta mumewe ndani ya lile sanduku akipima ukuta kwa kamba.

"Unapima nini?"

"Kitanda."

"Cha nani?"

"Chetu. Si wewe kila mwaka unasema unataka kwenda kumwona dada yako?"

Hasira zikaisha palepale. Secilia, dada yake mkubwa, aliolewa na mwalimu Mtaita akahamia Wundanyi, Kenya, Esteria akiwa bado msichana. Mara ya mwisho walionana kwenye maziko ya mama yao. Mwalimu naye alishafariki, na sasa Secilia alikuwa mgonjwa wa nyonga, habanduki kwake. Esteria, aliyefundisha darasa la kwanza mpaka nywele zikawa nyeupe, alikuwa hajawahi kuvuka mpaka wowote.

Likatiwa kitanda, jiko la gesi, tangi la maji na dirisha moja upande wa kulia. Majirani wakalibatiza Konokono, maana limebeba nyumba yake mgongoni. Likabaki jambo moja: wapite wapi?

Walitandaza ramani barazani, wakaikandamiza pembeni kwa mapeasi isipeperuke. Fanueli akaweka kidole Mombo.

"Tukishuka hapa tunakata kulia. Same, Himo, tunavukia Holili. Halafu Taveta, Mwatate, tumefika. Lami mwanzo mwisho. Tukitoka alfajiri, jioni tuko kwa shemeji."

"Na kitanda ulikitengeneza cha nini?"

"Kivipi, Mama Lightness?"

"Safari ya kwanza ya maisha yangu, iishe kabla sijalala hata usiku mmoja humo ndani? Mimi nakata kushoto." Kidole chake kikatambaa Korogwe, Segera, Muheza, Tanga, kikavuka Horohoro na kufuata pwani ya Kenya mpaka karibu na Mombasa, kisha kikapanda bara mpaka Voi. "Hii ndiyo safari."

"Huo ni mzunguko."

"Ndiyo. Konokono ana haraka gani?"

Wakabishana mpaka chai ikapoa. Alipopita jirani yao Idrisa, anayepeleka kabichi na karoti Mombasa kwa lori, wakamwita aamue. Idrisa akawaamkia wote wawili shikamoo, akaiinamia ramani, na badala ya kuamua akawaongezea njia ya tatu.

"Mzee, kwenye ramani Taita iko hapa hapa kaskazini. Mnateremka Mlalo, Mng'aro, mnaifuata nyika. Watu wa pikipiki wanapita porini huko kila siku. Nendeni Mtae asubuhi kukiwa kweupe, mtaiona kwa macho yenu."

"Na pasipoti zetu atazigonga muhuri nani huko porini?" Fanueli akauliza. "Tembo?"

Idrisa akacheka, akaenda zake. Lakini Esteria hakucheka. Neno lile, mtaiona kwa macho yenu, lilikuwa limemwingia.

Kesho yake wakaondoka kwenda Mtae, Fanueli akisema ni kwa ajili ya kujaribu breki. Walipita msituni, wakaupita mnada wa mboga wa Lukozi, wakaendelea kwenye barabara nyembamba inayozunguka mabega ya milima. Nyuma yao sufuria zilipigana kabatini, na kila kona Esteria aliitikia, "Eeh! Eeh!" kama yuko harusini. Kulikuwa kumenyesha usiku na mbingu ilikuwa imeoshwa.

Mtae milima inakatika ghafla. Esteria alishuka garini, akasogea mpaka pale majani yanapoishia, akashika kifua. Nyika ilikuwa chini kabisa, imelala kimya, rangi ya ngozi ya simba, haina mwisho. Na mbali, mwisho wa hiyo nyika, palikuwa na milima midogo ya buluu.

Mwanamke mmoja, Hidaya, alikuwa akikata majani ya ng'ombe kando ya njia. "Ile ndiyo Taita, mama," akasema. "Mmebahatika. Wiki nzima ilikuwa ukungu tu."

Esteria hakungoja. Akapiga simu.

"Shikamoo dada!"

"Marahaba. Mbona unahema?"

"Nawaona! Niko Mtae, naiona milima yenu!"

Akasikia kiti kikiburutwa, mlango, na hatua nzito za mtu anayetembelea fimbo.

"Nimetoka nje," Secilia akasema, naye sasa anahema. "Mimi huku naona mawingu pekee yake. Lakini ni sawa. Wewe niangalie tu." Kisha sauti yake ikabadilika. "Esteria. Hiyo gari yenu iko na kitanda ya ukweli? Mtu anaweza lala ikitembea?"

Kiswahili chake kilikuwa kimekuwa cha Kenya kabisa, na Esteria alizoea kumtania. Leo hakumtania.

"Kipo, dada. Cha mninga."

"Basi mimi sitaki mje tu mnisalimie. Mnibebe. Kupanda basi siwezi, nyonga inakataa kukaa siku nzima. Lakini nikilala nitafika. Nataka kuona nyumbani kabla sijasahau njia ya kwenda mtoni."

Fanueli, aliyekuwa akisikia yote, akaichukua simu.

"Shemeji, shikamoo. Tutakubeba. Wewe tu chagua njia."

"Same," Secilia akajibu papo hapo, kama mtu aliyekuwa na jibu hilo miaka mingi. "Nipite chini ya milima yote, ya Upare na ya kwetu, nikiwa nimelala naitazama. Pwani mpite mkija, mimi joto yake nilishachoka."

Kwa hiyo ikawa kushoto kwenda na kulia kurudi, kila mtu na njia yake. Esteria alirukaruka pale ukingoni mpaka khanga ikamdondoka, na Hidaya, asiyejua habari yenyewe, akapiga vigelegele kwa niaba yake. Fanueli peke yake alisimama akikuna kidevu.

"Nini tena, Baba Lightness?"

"Ukitoka Same kuja Mombo, milima iko kushoto. Dirisha letu liko kulia."

Alikata dirisha la pili kabla ya Jumapili.

Safari yenyewe haikumnyima Esteria kitu. Horohoro, ofisa wa uhamiaji aliomba kuona ndani, akakaa kitandani, akainuka, akawaita wenzake wawili nao waje wakae, na Esteria akawagawia mapeasi. Usiku walilala uwanja wa kanisa upande wa pili wa mpaka, madirisha wazi, nazi zikidondoka gizani. Barabara ya kwenda Voi malori yaliwapita moja baada ya jingine yakiwapigia honi, na Fanueli akayajibu yote.

Alasiri, kwenye kona za kupanda Wundanyi, akafunga breki ghafla. Kando ya barabara, mbali na nyumba yoyote, mwanamke mzee alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, fimbo mapajani, begi miguuni.

"Dada!" Esteria alishuka hata gari halijasimama sawasawa.

Walishikana kwa muda mrefu, wakilia na kucheka. Kisha Secilia akajifuta macho, akamsukuma kando taratibu na kumnyooshea Fanueli mkono ampandishe.

"Twende."

"Twende wapi, dada? Hata kwako hatujafika! Hatujanywa hata chai!"

"Chai iko kwa thamosi."

Iliwabidi wambembeleze. Akakubali kungoja mpaka aagane na watu wa kanisani, lakini kulala nyumbani kwake alikataa katakata. Siku zote hizo alilala ndani ya Konokono, na kila jirani aliyekuja kumuaga alipokelewa humo humo, kitandani.

Jumatatu wakashika barabara ya Taveta. Fanueli aliendesha peke yake mbele. Nyuma yake dada wawili walikuwa wamelala ubavu kwa ubavu, wakiongea Kishambaa kwa kasi, wakikatizana na kupasua vicheko, hata alipowauliza kama wana njaa hakuna aliyemsikia.