Supu ya Viazi kwa Mama Mkwe

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, siku ya Jumanne, maji ya kwenye sufuria yalikuwa yamegeuka rangi ya waridi. Ndani yake lilikuwemo paja dogo la nguruwe, lililotiwa chumvi na kukaushwa kwa moshi na masista wanaofuga nguruwe nje ya mji wa Kahama. Enock Ngassa aliyamwaga maji, akalamba kidole kilichogusa nyama, akajaza maji mengine. Chumvi ilikuwa bado kali.

"Bado tu?" aliuliza Martina, mkewe. Alikuwa ameegemea mlango wa jiko, viatu mkononi, macho mekundu. Usiku kucha alikuwa akiamka kumgeuza mama yake.

"Nitamwaga tena. Nyama ya moshi ukiiwahi, inakuwa kama kulamba magadi."

"Mimi naona tungempikia uji."

"Uji ameukataa."

"Mtori ameukataa. Kuku ameukataa. Baba Klara, hata mimi sasa nimechoka kuomba mtu mzima ale."

"Ndiyo maana napika kingine."

Martina alivaa viatu akiwa amesimama, akichukua muda mrefu kuliko kawaida kufunga kikanda cha kimoja. Kisha akaenda sokoni Nyasubi kufungua duka la vitenge. Hakuaga.

Katika chumba cha pili cha nyumba hiyo alikuwa amelala Apolonia, mama yake Martina. Aliletwa kutoka Ushirombo na malaria iliyopanda kichwani, akalazwa, akatoka wodini akiwa hai lakini amebaki mifupa. Daktari alisema maneno machache alipomruhusu: malaria imekwisha, kilichobaki ni chakula. Jumatano asubuhi angempima uzito. Kama ungekuwa umeshuka tena, angemrudisha wodini kwenye dripu. Apolonia alimsikiliza hadi mwisho, akamwambia binti yake kwamba wodini harudi. Wakitaka kumpeleka popote, wampeleke kwake Ushirombo. Huko kulikuwa na nyumba iliyofungwa kufuli na kuku wanaolishwa na jirani. Hakukuwa na mtu wa kumwinua kitandani.

Kwa hiyo Jumanne ndiyo siku iliyokuwa imebaki.

Enock alikuwa nyumbani kwa sababu mkataba wa kampuni aliyoifanyia kazi ya upishi, iliyokuwa ikiwalisha wafanyakazi wa mgodi kambini Geita, ulikuwa umekwisha. Angeweza kuwa njiani akitafuta jiko lingine, lakini aliamua kwanza mgonjwa apone. Tangu hapo hakutoka nyumbani ila kwa sababu nzito. Majirani walimsifu. Walisema wanaume wa siku hizi mama mkwe akiugua huwa wanapata safari.

Adabu ya mkwe aliijua. Hakuingia chumbani kwa Apolonia. Alimwamkia kila asubuhi akiwa nje ya mlango uliofungwa, "Shikamoo, mama," na sauti ikajibu, "Marahaba, baba." Hakumpelekea chakula kwa mkono wake. Mchana alikuja Dorika, jirani, mwanamke wa Kharumwa mwenye mikono mikubwa na mdomo usiopumzika, kumwosha mgonjwa na kumlisha. Jioni ilikuwa kazi ya Martina. Enock alipika, akapakua, akasubiri jikoni. Mabakuli yakarudi kama yalivyokwenda.

Mara moja tu mambo yalikuwa tofauti. Jumapili iliyotangulia, Enock alikwenda Shinyanga kumtembelea Klara, binti yao, shuleni anakolala. Aliporudi usiku aliambiwa kwamba mama amekula ugali na mlenda, na mlenda akaongezwa. Kila mtu alikuwa na maelezo. Martina alisema ni komunyo aliyoletewa mgonjwa baada ya misa. Dorika alisema ni vidonge vipya. Enock, ambaye maisha yake yote ya kazi alikuwa akiwaangalia watu wakila, alisema ni mlenda: mgonjwa anataka kitu laini, kinachoteleza, chenye ladha. Jumatatu akapika mlenda. Apolonia akaugusa kwa kijiko, akageukia ukutani.

Enock hakuliacha wazo lake, alilirekebisha. Kitu laini, chenye ladha, lakini si mlenda. Kambini alikuwa amewaona wachimbaji wanaotoka zamu ya usiku chini ya ardhi. Wali hawautaki. Nyama ya kuchoma wanaisukuma pembeni. Wanakaa mbele ya sahani wakiwa na vumbi masikioni, na kutafuna kwenyewe kunawashinda. Supu ya viazi na nyama ya moshi hawakuisukuma. Hilo alikuwa ameliona kwa macho yake, kwa watu wengi, kwa muda mrefu. Akaagiza nyama kwa masista.

Asubuhi ile aliipika kama alivyofundishwa kambini. Nyama pamoja na mfupa wake iliwekwa kwenye maji mapya na kitunguu kizima, ikachemka polepole hadi mafuta yakaelea kama sarafu za dhahabu hafifu. Viazi mviringo alivimenya na kuvikata vidogo, karoti akazikata vidogo zaidi. Kwenye kikaango aliyeyusha siagi, akatia unga wa ngano na kuukoroga bila kuuacha ubadilike rangi, akaongeza maziwa kidogo kidogo. Maziwa yalikuwa ya asubuhi hiyo, ya mfugaji anayepita na baiskeli. Viazi vilipoiva alivisaga nusu kwa mgongo wa mwiko, nusu akaviacha. Nyama aliichambua kutoka kwenye mfupa, nyuzi fupi, ili asiye na nguvu asihitaji kutafuna. Chumvi hakutia. Alionja, akatia pilipili manga, akaonja tena. Ilikuwa sawa.

Dorika aliingia bila kubisha.

"Hodi imeshapita! Loo, Baba Klara, unapika kitimoto mchana kweupe, harufu imefika mpaka kwa fundi cherehani. Ameacha kushona."

"Ni ya mgonjwa."

"Na mlisha mgonjwa?"

"Akila yeye, nawe utakula."

"Basi leo atakula kwa nguvu zangu zote." Alichungulia sufuria. "Mbona nyeupe hivi? Hii ni supu au rangi ya kupaka nyumba?"

"Peleka ikiwa ya moto, Mama Davis."

"Umeshatia chumvi?"

"Usiitie. Chumvi iko kwenye nyama."

Dorika alimtazama kama mtu asiyeamini, lakini akaondoa mkono kwenye kopo la chumvi. Alibeba bakuli kwenye sinia, akasukuma mlango wa chumbani kwa bega. Enock alibaki jikoni. Kati ya jiko na chumba kile kulikuwa na ukuta mmoja wa tofali, na juu yake, mahali dari lisipofika, palikuwa wazi.

"Shikamoo, bibi. Inuka kidogo. Leo umepikiwa chakula cha wazungu."

"Marahaba." Kitanda kililia. "Harufu yake nzuri."

"Si ndiyo? Haya, fungua mdomo."

"Weka hapo. Nitakula."

"Utakula saa ngapi?"

"Baadaye."

"Baadaye ndiyo hiyohiyo ya jana. Bibi, mimi nina nguo zangu kwenye beseni zinaoza. Kesho daktari anakupima. Utamwambia nini, harufu ilikuwa nzuri?"

Enock alikohoa, akajizuia akiwa amechelewa.

"Umemsikia?" alisema Apolonia, sauti ikiwa chini.

"Nani?"

"Huyo."

"Baba Klara? Yuko jikoni, hakuoni."

"Mimi namsikia. Anakohoa. Anaburuza ndala. Akikaa, kiti kinalia; akisimama, kinalia tena. Sasa mimi nilivyo mtu mzima nitakaaje hapa natafuna na kumeza, na mume wa mwanangu yuko nyuma ya ukuta anasikia? Kwetu jiko liko kule, nyumba iko huku. Mkwe akija analala kwa jirani. Hapa bati moja, wote tumo chini yake, mchana na usiku."

"Yesu wangu," alisema Dorika. "Kumbe una njaa?"

"Tangu jana tumbo linaniuma kwa njaa."

"Mbona hukusema?"

"Nimwambie nani? Nimwambie mwanangu, mtoe mumeo kwenye nyumba yake? Amehangaika kunitafutia gari usiku, ameacha shughuli zake, halafu nimfukuze? Mimi ni mgonjwa, siyo mkorofi." Akapumzika kidogo. "Nilikuwa nasubiri atoke. Hatoki. Huyu mwanamume hana hata rafiki?"

Enock alikuwa amesimama na mwiko mkononi, supu ikidondoka sakafuni. Aliyapitia yaliyojulikana. Jumapili alikuwa Shinyanga, ugali ukaliwa. Ijumaa kabla yake alikwenda kumzika mzee wa mtaa wa pili, na siku hiyo Martina aliokota kikombe cha uji kikiwa kitupu, akakiosha bila kusema kitu, kwa sababu kikombe kimoja hakikuonekana kuwa habari. Siku nyingine zote alikuwa ndani, akipika. Kadiri alivyopika kwa bidii, ndivyo alivyozidi kuwepo.

Dorika alitoka, macho yamemtoka.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Basi toka!" alinong'ona kwa nguvu. "Unasubiri nikuimbie? Toka kabla haijapoa!"

Enock alizima gesi, akaweka mwiko, akaingiza simu mfukoni. Mlangoni alisita kidogo, kisha akasema kwa sauti ya kusikika upande wa pili, "Mama Davis, mimi natoka. Sirudi mpaka jioni."

"Haya, safari njema!" alijibu Dorika, kwa sauti kubwa zaidi ya iliyohitajika.

Alipita uani, akafungua geti la bati, akalifunga kwa kishindo alichokusudia. Akasimama nje. Baada ya muda mfupi geti likafunguka kidogo na kichwa cha Dorika kikajitokeza.

"Anasema hajasikia ukienda. Anasema umesimama."

"Nimesimama kweli."

"Sasa mbona unanitia aibu? Nimeshamwapia."

Enock alitembea hadi kona, walipoegesha bodaboda. Dereva aliyekuwa zamu ni Selestine, kijana mrefu aliyezoea kumpeleka Martina sokoni. Alikanyaga kiki kabla ya kuulizwa.

"Kaka, wapi?"

"Mbele."

"Mbele wapi?"

"Piga honi ukipita pale nyumbani, halafu nenda mpaka mama mkwe aridhike."

Selestine alicheka, akiamini ni utani, lakini honi aliipiga. Walifika stendi. Enock akapiga simu.

"Niko stendi."

"Yuko stendi!" Dorika alipaza sauti ndani ya chumba. Ikasikika sauti nyingine, dhaifu. "Anasema stendi ni karibu. Anasema mtu akisahau kofia anarudi."

"Mimi sivai kofia."

"Kabishane naye wewe."

Wakaendelea, wakaiacha lami ya katikati ya mji na maduka yake ya vipuri, wakapita malori ya mizigo yaliyopangana pembeni. Jua lilikuwa la utosi. Enock hakuwa amekula tangu jana, na mgongo wa Selestine ulikuwa kitu pekee cha kuegemea. Alisinzia kidogo, akazinduka kwenye tuta.

"Shemeji yangu alikuwa hivyohivyo," alisema Selestine juu ya kelele za injini. "Mama mkwe wake alikuwa akija kuwatembelea, yeye anahamia guest."

"Nani alimwambia ahame?"

"Hakuambiwa. Hayo mtu anaambiwa?"

Walipofika Mwendakulima Enock alimgonga begani asimame. Akashuka, akasogea kwenye kivuli cha duka la mbolea, akapiga tena.

"Mama Davis, mwambie nimefika Mwendakulima. Mwambie na pikipiki inaondoka."

"Amefika Mwendakulima, bibi, na hana usafiri!"

Enock akamsikia Apolonia mwenyewe, kwa mbali, akiuliza, "Mwendakulima kabisa?"

"Kabisa. Hata nikimwita sasa hivi, supu itakuwa imeshapoa."

"Imepoa tayari?"

"Ina moto wa kiasi."

"Niinue."

Kitanda kililia. Dorika alisema, pengine akijiambia, pengine akimwambia mgonjwa, "Taratibu, taratibu." Hakukumbuka kukata simu, aliiweka mahali fulani, ikagonga mbao. Kijiko kiligusa bakuli. Kikagusa tena. Apolonia alisema kitu kuhusu viazi, mdomo ukiwa umejaa, na Dorika akacheka.

Enock alikata simu.