Mtaa wa Saba Haupo

Saa tatu kasorobo asubuhi, mhakiki wa ofisi ya usajili wa majina ya tovuti alisimama mwisho wa Mtaa wa Sita, karatasi mkononi, akamuuliza mgawa barua Mtaa wa Saba uko wapi.

"Mji huu una mitaa sita tu," alisema mgawa barua. "Wa saba, pita pale kwenye duka la rangi, kulia. Nina barua yao moja, hebu nipelekee."

Mtaa wa Saba ulikuwa na nyumba moja ya bati la kijani. Ndani yake mshonaji wa sare za shule alikuwa akipiga pasi kola, na shangazi yake akichambua vifungo kwenye sahani.

Mshonaji hakuzungusha maneno. Alikuwa amemtoroka mumewe, aliyemvunja mkono mara mbili na kuapa kwamba safari ya tatu itakuwa shingo. Alipofungua tovuti ya kuuzia sare, fomu ilimdai anwani, na daftari la usajili liko wazi kwa yeyote mwenye simu. Basi akaandika mtaa usiokuwepo. Kulipokucha, nyumba ilikuwa imehamia huko, pamoja na choo na kamba ya nguo.

"Vyombo vilivunjika?" aliuliza mhakiki.

"Kikombe kimoja, tena kilikuwa na ufa," alisema shangazi. "Kunywa chai, mwanangu."

Mhakiki alikunywa vikombe viwili. Kiti kilikuwa imara na sakafu imedekiwa vizuri. Akafungua ramani ya mji kwenye simu, akaitazama mpaka chai ikaisha, kisha akaandika: Nimefika. Nimepokelewa. Anwani haipo.

"Una siku kumi na tano za kurekebisha," alisema. "La sivyo jina linafungwa."

"Likifungwa sina mteja hata mmoja. Nikirekebisha, atanipata."

"Najua, dada. Nakuonea huruma."

Alimwonea huruma kweli, lakini alikuwa na mafaili arobaini.

Lililofuata lilikuwa la kampuni iliyouza vidonge vya presha vya unga wa chaki. Ofisi ilikuwa ghorofa ya nne, lifti inafanya kazi, simu tatu na zote zinapokelewa. Meneja alimpa kalenda. Mhakiki akaandika Sahihi, maana hakuna aliyemtuma kuuliza habari za vidonge.

Mshonaji alivumilia siku kumi na nne. Shangazi alimsihi aache jina life, waanze upya hata kwa kuuza maandazi. Lakini sare za muhula mpya zilikuwa zimeshakatwa, na mshonaji alikuwa amechoka kujificha. Siku ya kumi na tano alipiga moyo konde akaandika Mtaa wa Pili, nyumba namba kumi na moja. Asubuhi nyumba ilikuwa imerudi mahali pake, kati ya kinyozi na fundi redio. Wao walikuwa wamezoea kuegesha baiskeli zao kwenye kiwanja kilichoachwa wazi, wakazihamishia ng'ambo ya barabara bila kinyongo.

Siku tatu baadaye mhakiki alipiga simu, kama utaratibu unavyotaka. Ilipokelewa na mwanamume mwenye sauti ya upole.

"Naomba kuongea na mwenye tovuti."

"Amelala, dada. Mimi ni mumewe. Wewe uliza tu."

Ilikuwa saa tano asubuhi. Kwa mbali mhakiki alimsikia shangazi akilia, kilio cha mtu ambaye hana wa kumwita. Akaivuta fomu karibu. Akauliza jina kamili, mtaa, namba ya nyumba, namba ya simu. Mwanamume alijibu polepole ili mhakiki apate kuandika, na jina la mkewe akalitaja herufi moja moja.

"Kuna lingine?"

Fomu ilikuwa na maswali manne.

"Hapana, shemeji. Ahsante."

Akakata simu, akaandika Sahihi, kwa kuwa hakuna jibu alilokosea yule mume.