Kosa la Damu ya Abigaël

Daktari Rebecca alitueleza mara mbili, mara ya pili polepole kwa ajili ya mume wangu Claude. Katika damu ya kila mtu kuna protini zinazoitwa komplementi. Mikrobi, yaani kijidudu cha ugonjwa, ikiingia, protini hizo huiparamia na kuitoboa mpaka ipasuke. Binti yetu Abigaël amekosa moja kati ya hizo, basi mikrobi ya menenjiti, homa ya uti wa mgongo, ikimwingia damuni haikuti wa kuizuia. Ndiyo iliyomuua kaka yake Paul, tukiwa bado tunangoja dawa ya malaria ifanye kazi.

"Akipata homa, musingojee kitu," alisema daktari. "Mumulete tumupige sindano."

Claude akauliza kasoro ilitoka upande gani. Daktari akasema pande zote mbili, baba nusu na mama nusu.

Jibu hilo halikumridhisha mtu. Ukoo wa Claude ulishuka kutoka Mahagi, wangu ukaja kutoka Nizi, wakaketi kwetu Mudzipela kumtafuta mwenye kosa. Mimi nilipika. Kwetu mke hatoki nyumbani kabla wakwe hawajala na kunawa, hata nyumba iwe inaungua.

"Kwetu hakuna mutu alikufaka na mambo ya protini," alisema Mama Gertrude, shangazi yake Claude.

"Hata kwetu," alijibu mjomba wangu Liévin. "Siye tunakufaka na masasi ya bunduki tu."

Nilikuwa nimebeba bakuli la samaki Abigaël alipotoka chumbani, akaniegemea. Mwili ulikuwa moto.

"Ni malaria tu," alisema Mama Gertrude. "Umupe dawa ya kinini, kisha ulete mayi ya kunawa."

Claude alitazama sahani yake. Niliweka bakuli chini, nikamfunga mtoto mgongoni, nikapita katikati yao bila kuomba ruhusa, nikapanda pikipiki ya kwanza iliyosimama.

Hospitalini alidungwa sindano kabla sijamaliza kutaja jina lake. Kesho yake homa ilishuka, akaomba ugali. Nililia mbele ya wauguzi wala sikuona haya.

Ndipo Claude akaja na ndizi.

"Wamemaliza kikao?" nikamuuliza.

"Wamemaliza, Mama Abigaël. Familia zote mbili zimesikilizana." Akakohoa. "Kosa iko yako. Uliacha wakwe na mikono michafu."

Nikammenyea mtoto ndizi.

"Uende uwaambie ni kweli," nikasema. "Na homa ikirudi, nitawaacha tena."