Chungu Kisichojua Samaki

Ramesh ni ndugu yangu, tumbo moja, na sitaki mtu amseme mbele yangu. Kumsema nitamsema mwenyewe. Tangu azaliwe hajui njaa, na asiyejua njaa ukimpa kazi ya kueleza dhiki za watu, atakueleza ukarimu wa kwao tu.

Mambo yalianza hivi. Hapa Wembley, London, kuna jumba dogo la makumbusho ya mtaa, nyuma ya maktaba, wanakoweka picha za zamani na baiskeli za watu waliokwisha kufa. Mwaka ule wa tisini na saba walitaka kufanya maonyesho ya miaka ya thelathini, dunia nzima ilipofilisika, na jinsi majirani walivyosaidiana. Wazungu wakaleta masufuria ya supu ya kanisani na mablanketi yenye viraka. Msimamizi wa maonyesho alikuwa binti wa Kichaga wa Machame, anaitwa Elieshi. Yeye akasema nusu ya watu wa hapa wametoka Afrika Mashariki, na dhiki ile kule ilifika pia, mbona hatuwasikii? Akaenda kuzungumza na kamati ya Wahindi wa Tanga. Na mwenyekiti wa kamati ni nani, kama si Ramesh.

Ramesh akanipigia simu huku kwangu Stanmore. "Dada, kile chungu chako. Tukakiweke kwenye kabati la kioo."

Nikamwambia kwanza anisalimie.

Chungu chenyewe nitakueleza. Baba alikuwa na duka Tanga, Ngamiani, barabara ya tisa. Bei ya katani ilipoanguka mashamba yakafungwa, vibarua wakarudi mjini mikono mitupu, na baba hakuwa mtu wa kumfukuza mtu mlangoni. Alitoa unga, akatoa mafuta ya taa, akatoa sukari, mpaka rafu zikabaki na vumbi. Hilo Ramesh hulisema kila Diwali, na ni kweli tupu. Anachokiacha ni kilichofuata. Duka likafa, na ndani tulikuwa watu sita: baba, mama, na sisi watoto wanne, Ramesh akiwa bado wa mgongoni. Mama akawa anawasha moto mchana na kuchemsha maji matupu, ili majirani waone moshi. Nilikuwa na miaka tisa, na mpaka leo nikisikia maji yanachemka nakwenda kufunua sufuria nione ndani kuna nini.

Jirani yetu ukuta kwa ukuta alikuwa Bi Mwanakombo, mke wa fundi cherehani. Huyo hadanganyiki. Alikuja uani akasimama, akasema, "Moshi bila harufu ya kitunguu, huo ni moshi gani?" Akatuita tukale kwake. Baba akamjibu kwa heshima zote kwamba dini yetu haituruhusu, maana vyungu vya kwake vinapikiwa samaki. Ilikuwa kweli, lakini baba alikuwa anajificha nyuma ya dini, aibu ndiyo iliyokuwa inamuua. Bi Mwanakombo akasema haya, akaenda zake.

Kesho yake akarudi na chungu kipya kichwani, kimetoka kwa wafinyanzi, bado kinanukia udongo. Akakiweka mbele ya mama. "Nusa," akamwambia. Mama akanusa. "Hiki hakijui samaki, na kwangu hakitamjua. Una sababu nyingine?"

Mama alikuwa mtu ambaye hata maji hanywi nyumba isiyo ya kwetu. Akamtazama baba, na baba akaitikia kwa kichwa.

Basi mpaka katani ilipopanda bei, kila mchana chungu kile kilikuja kwetu na mbaazi za nazi, au kunde, au muhogo. Na aliyekileta kichwani ni Somoe, binti yake, rika langu. Tukimaliza kula tunakiosha pamoja kisimani, naye anakirudisha kwao, kinawekwa juu kwenye susu, kile kikapu cha kamba kinachoning'inia darini. Vyungu vingine vyote vilikaa chini. Siku moja Somoe, kwa uchokozi wake, alikitia mkia wa samaki changu aone itakuwaje. Bi Mwanakombo alimchapa mpaka nikalia mimi. Chungu kikavunjwa palepale, kikanunuliwa kingine, na wao wenyewe walikuwa hawana kitu. Hicho cha pili ndicho ninachokisema.

Tulikua, tukaolewa, mimi barabara ya kumi na moja, yeye palepale kwao. Nikiumwa chungu kinakuja. Nikizaa chungu kinakuja. Mwaka wa sabini na mbili tulipofunga safari ya kuja Uingereza, Somoe alikuja na chungu kimefungwa kwenye khanga. "Huko Ulaya nani atakupikia?" akasema. "Chukua." Nikamwambia nitarudi. Akaniambia wewe muongo, lakini alikuwa anacheka na machozi yanamtoka. Tuliandikiana, halafu nikahama nyumba mara mbili, naye nikasikia amehama mtaa, barua zikaanza kurudi, na mwisho zikaacha hata kurudi.

Kwa hiyo Ramesh aliponiomba chungu nilikataa, kisha usiku nikafikiri. Watu wa Tanga wapo London hii: Wembley wapo, Stratford wapo, mahospitalini ndio wamejaa. Mtu akipita pale akasoma "Bi Mwanakombo na binti yake Somoe, Ngamiani, barabara ya tisa," je, hatasema huyu namjua? Sikutaka maonyesho, sikutaka sifa. Nilimtaka Somoe. Nilitaka kujua kama yu hai, na kama yu hai, nisikie sauti yake angalau kwenye simu akiniita muongo.

Nikampa Ramesh chungu kwa sharti moja: majina hayo yaandikwe, na yasomeke. "Usijali dada," akasema, "wewe magoti yako yanakusumbua, kaa nyumbani, mimi nitamweleza Elieshi kila kitu." Nikamwamini. Ndugu usipomwamini utamwamini nani.

Siku ya ufunguzi ilikuwa Jumamosi. Nilivaa sari yangu ya kijani, nikapanda treni mpaka Wembley Park, nikatembea na magoti yangu hayo hayo. Ndani kumejaa watu, sambusa, juisi, na Ramesh ndani ya suti anapeana mikono kama bwana harusi. Nikapasua katikati ya watu mpaka kwenye kabati la kioo.

Cha kwanza nilichokiona ni dagaa. Chungu changu, chungu cha Bi Mwanakombo, kimejaa dagaa wakavu mpaka wamemwagika kando, wananitazama kwa macho yao.

Nikasoma kibao chini yake, na kilikuwa kifupi: chungu cha familia ya Kihindi ya Tanga, miaka ya thelathini, mwenye duka huyu aliwalisha majirani zake wakati wa dhiki. Basi. Bi Mwanakombo hayumo. Somoe hayumo. Barabara haimo.

Elieshi akaja mbio mbio, uso unang'aa. "Shikamoo bibi! Umeona? Chungu kitupu kilikuwa kinaonekana kipweke, nikasema nikitilie chakula cha wakati wa shida. Nimetafuta maduka yote ya hapa. Kwetu Machame mwezi ukiwa mgumu ni dagaa tu." Sikuweza kumkasirikia. Alikuwa ametoa pesa zake mwenyewe, na hakuna aliyemwambia.

Nikamgeukia aliyepaswa kumwambia. "Ramesh. Majina yako wapi?"

"Dada, polepole."

"Nakuuliza majina."

Akanivuta pembeni. "Wazungu wanasoma hapa, dada. Watoto wetu wanasoma. Tuandike kwamba tulikuwa tunaletewa chakula? Baba alilisha mji mzima, leo tumfanye ombaomba kwenye kabati la kioo? Nimemwambia Elieshi la baba tu. Si uongo."

"Si uongo," nikamwambia, "ila umekata kichwa ukaacha kiwiliwili. Ulikula kwenye chungu kile kabla hujaota meno. Mama alikuwa anakutafunia mbaazi anakutia mdomoni. Hiyo nyama uliyo nayo, unadhani imetokana na nini?"

Mimi nilikuwa nimekwisha vunjika moyo. Nilikaa kwenye kiti nikajiambia, Pushpa, umeharibu. Ulichokuwa nacho cha Somoe umekitoa, kimetiwa samaki, na jina lake hata halikuandikwa. Nani sasa ataniambia habari zake?

Ndipo nikasikia mtu kwenye kabati anafoka kwa Kiswahili, tena cha Tanga, kile ninachokiota.

"Hebu niambieni, nani katia dagaa humu?"

Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, amevaa koti juu ya sare ya uuguzi, mkoba begani, ametoka shifti. Elieshi akamwambia ni yeye, kuna nini? "Kuna nini? Imeandikwa hapa chungu cha Wahindi wa Tanga. Wahindi wa vyungu kama hivi hawali samaki. Mimi nimechapwa kwa jambo hili, dada. Nilikuwa mtoto, nikatia uduvi kwenye chungu cha Wahindi nyumbani kwetu, mama alinichapa mpaka akavunja na chungu chenyewe. Marehemu angeona hivi, angewachapa nyote humu ndani."

Sijui niliinukaje. Magoti yalikuwa wapi sijui. "Mwanangu," nikasema, "mama yako nani?"

Akanitazama, sari, mvi, fimbo. "Shikamoo, mama. Mimi Siwema. Mama yangu aliitwa Somoe."

Aliitwa. Nililisikia neno hilo, na hata hivyo nikamuuliza yu wapi.

"Alifariki mwaka juzi, mama. Kifua." Kisha akakitazama chungu, akanitazama mimi, na mkono ukaenda mdomoni. "Wewe ndiye Pushpa."

Nililia pale pale mbele ya watu na sambusa zao, wala sikujali. Miaka ishirini na tano nimejiandaa nitamwambia nini, na nimechelewa kwa miaka miwili tu. Siwema, niliyemwacha mtoto mdogo, akanishika, naye akalia, akaniambia kwamba mama yake alikuwa akinitaja kila mvua ikinyesha, kwa sababu tulikuwa tunaoga mvua pamoja na kuchapwa pamoja.

Nilipofuta machozi nikamuuliza jambo lililokuwa limenikwama. "Mwanangu, umesema ulichapwa kwa sababu ya chungu cha Wahindi kilichokuwa kwenu. Kilikuwaje kwenu? Mama yako alinipa mimi. Kile pale."

"Hicho ndicho alichokupa," akasema Siwema. "Siku mliyoondoka, jioni ile ile, alikwenda sokoni akanunua kingine cha ukubwa huo huo. Bibi akamuuliza, cha nini na watu wameshaondoka? Mama akasema, wakirudi na njaa je? Akakiweka kwenye susu. Nilipokitia uduvi akakivunja, akanunua kingine tena, na miaka ile hata unga tulikuwa tunaupangia foleni. Tulipohama tulihama nacho. Sisi watoto tulikuwa tunacheka: mama, chungu cha watu sita, watu wenyewe wako wapi? Anatuambia, tulieni, wamechelewa tu."

"Na sasa?"

"Kipo kwenye susu. Aliusia hivyo. Dada yangu anakifuta vumbi."

Ramesh alikuwa amesimama nyuma yetu muda wote, sikumwona. Suti yake ilikuwa imemkaa vibaya ghafla. Akauliza kwa sauti ndogo, "Cha watu sita?"

"Sita," akasema Siwema. "Alikuwa anawahesabu kwa majina. Wa mwisho Ramesh, wa mgongoni."

Ndugu yangu akavua miwani. Alikwenda kwenye kabati, akaomba kalamu kwa Elieshi, na chini ya kile kibao akaandika kwa mkono wake majina mawili na barabara ya tisa, kwa Kiingereza kwanza, halafu kwa Kiswahili. Elieshi akaja kwangu, anakaribia kulia, akaomba awatoe dagaa na kukiosha chungu. Nikamwambia udongo ukishashika harufu ya samaki hauachii, awaache hao hao. Wao ndio walionipatia mtoto wa Somoe.

Disemba Siwema anakwenda nyumbani likizo, na nimemwambia Ramesh akate tiketi mbili, yangu na yake. Wale wengine wanne wa chungu kile wameshatangulia mbele ya haki. Jana Ramesh kanipigia simu, anasema ndege ina chakula chetu, kisicho na nyama wala samaki, je, atuwekee oda? Nikamwambia asiweke. Somoe alisema tutarudi na njaa.