Njia Iliyofagiwa

Upawa ulikwaruza karai mara moja, ukanyamaza, kisha ukakwaruza tena taratibu. Gopuli alikuwa macho gizani, goti la kulia likimwuma. Alijua kwamba mkwewe Hemanti ameamka mapema na anakaanga puri, vile vimkate vya ngano, kwa kujizuia, asimwamshe. Akajilaza kidogo zaidi. Hakuwa na usingizi, ila hakutaka kuuharibu wema wa mtoto wa watu.

Zilibaki siku mbili mwezi wa Chaiti uishe. Katika milima ile ya Kumaoni, kila Chaiti kaka humpelekea dada yake aliyeolewa bhitauli: puri, halua ya unga wa mchele, na nguo mpya. Thamani yake haihesabiwi kwa vitu, maana ni kumwambia dada kwamba kwao bado kupo. Maisha yake yote Jaman Singh, mume wa Gopuli, alimbebea dada yake Debuli kikapu mgongoni hadi ng'ambo ya mlima. Mwaka jana Gopuli alifuatana naye, akateleza njiani na kuumia goti. Baridi ilipoingia, Jaman Singh akafariki. Mtoto wao Trilok, mume wa Hemanti, yuko jeshini, na likizo hakupewa. Debuli naye ni mjane asiye na mtoto. Alikuwa kule ng'ambo anangoja, au pengine ameshaacha kungoja. Simu yake haikupatikana tangu moto wa msituni ulipounguza mnara.

"Mama, niache niende peke yangu," Hemanti alisema akifunga puri kwa kitambaa. "Hilo goti lako hata kizingiti linakivuka kwa kuomba dua."

"Ukienda peke yako Debuli atasema kaka amekufa na mlango wa kwao umefungwa, ametumwa mkwe kuja kukomea."

"Atasema mkwe ana miguu mizuri."

"Funga kikapu, mwanangu."

Gari liliwafikisha kwenye kibanda cha chai cha Kundan, mahali barabara inapokatika. Mvua za mwaka jana zilikuwa zimeibomoa kwenye kona ya mto, na tangu hapo watu walivuka kwa miguu juu ya kifusi. Kundan aliwamiminia chai, akamtazama Gopuli na fimbo yake nyembamba.

"Bibi, barabara hii imeshakula lori na greda. Sasa inataka na mabibi?"

"Hatupiti kwenye kifusi?"

"Tangu juzi hapiti hata mbuzi. Moto unakula mizizi kule juu, na mizizi ndiyo iliyoshika mawe."

Hawajamaliza chai, jiwe likaanguka huko konani, likafuatwa na mengine madogo. Wote watatu walisubiri hadi yakanyamaza.

Zilibaki njia mbili za miguu. Moja ilikata katikati ya misonobari: fupi, mteremko wake wa huruma, lakini moto ulikuwa umeonekana upande ule. Nyingine ilipanda kwenye mialoni hadi kijihekalu cha kengele juu ya mlima, kisha ikashuka kwa ngazi za mawe. Mwaloni hushika maji na hauungui upesi, lakini ngazi zile hata vijana walizilaani.

"Ningekuwa na goti hilo," Kundan alisema, "ningekaa hapa ninywe chai."

"Kwa chai yako hii ningemfuata mzee wangu kabla ya jioni."

Kundan akacheka. Gopuli akatazama mlima. Asubuhi ile moshi ulikuwa umelala chini bondeni kama paka kando ya jiko, na upepo ulikuwa bado unashuka. Njia ya misonobari ndiyo aliyoipita Jaman Singh miaka yote. Akasema watapita hiyo. Kundan hakubishana naye. Aliingia ndani, akatoka na fimbo yake nene na chumvi iliyosagwa na pilipili, imefungwa kwenye kipande cha gazeti.

"Fimbo nitaichukua ukirudi. Kwa hiyo urudi."

Hemanti alitangulia na kikapu mgongoni, mkanda wake kwenye paji la uso. Gopuli aliogopa majani makavu ya msonobari kuliko moto wenyewe. Ni membamba kama sindano, hulala njiani kwa unene wa godoro, na mguu ukiyakanyaga huenda unakotaka wenyewe. Ndiyo yaliyomwangusha mwaka jana. Lakini walipopita mwamba mkubwa wakakuta njia safi. Mtu alikuwa ameyakokota majani kwa reki, akayarundika pembeni. Gopuli alikanyaga udongo mtupu, na goti likatulia.

"Aliyefagia hapa Mungu ampe macho mpaka uzeeni," alisema.

Mbele zaidi, malundo yale yalikuwa majivu. Mbele tena, mlima wa juu wote ulikuwa mweusi, vigogo vikifuka. Kisha wakasikia sauti kama mvua juu ya bati, na mbingu haikuwa na wingu. Koni ya msonobari, lile tunda lake kavu la magamba, ikashuka ikibingirika huku inawaka, ikavuka njia, ikaingia kwenye nyasi za chini yao. Hemanti alitua kikapu, akaruka na kuukanyaga moto kwa viatu, akaukanyaga tena. Ikaja ya pili. Pindo la nguo yake likashika moto, akalizima kwa viganja.

Upepo ulikuwa umegeuka. Sasa ulipanda.

"Nimekosea," Gopuli alisema. "Turudi."

Wanawake kadhaa walikuwa wakishuka kwa haraka, wameshika matawi mabichi ya kupigia moto. Mmoja, uso mweusi kwa masizi, alisimama. Alimimina nusu ya maji yake ya kunywa kwenye shali ya Gopuli, akamfunga kichwani na mdomoni kama anavyofungwa mtoto.

"Hapo nyuma kuna kijia cha mbuzi, kinapanda kwenye mialoni. Msisimame. Mnaenda kwa nani?"

"Kwa Debuli."

"Jirani yangu huyo. Tangu juzi hajatoka nje, sijui anaumwa." Alikaza fundo. "Mwendawazimu fulani amechoma majani ya njiani, upepo ukamkuta. Nyasi zote za ng'ombe wangu zimekwisha. Mimi Lachhima nikimjua..." Hakumaliza. Wenzake walimwita, akashuka.

Kwenye mialoni kulikuwa na baridi na unyevu, lakini hakukuwa na huruma. Hemanti alipanda na kikapu, akakitua, akarudi chini kumpa mama mkwe bega, kisha akakifuata kikapu. Mlima mmoja aliupanda mara mbili, wala hakutaja. Kwenye kijihekalu cha kengele walikaa, wakalamba chumvi ya Kundan. Kutoka pale Gopuli aliona bonde zima, na weusi wake wote. Katikati akaona mstari mwembamba wa njia iliyofagiwa. Haukuanzia kwa Kundan. Ulianzia kijijini kwa Debuli na kuishia kwenye mwamba.

"Unatazama nini, mama?"

"Moshi tu."

Ngazi alizishuka kinyumenyume, mikono juu ya mawe, na Hemanti chini yake akimwekea nyayo moja moja.

Walifika jua likielekea kuzama. Miaka yote Debuli alimngoja kaka yake juu ya ukuta wa uani, miguu ikining'inia kama msichana. Safari hii ukuta ulikuwa mtupu. Mlangoni iliegemezwa reki, meno mawili yamevunjika. Ndani, wifi yake alikuwa amekaa mbele ya jiko lililopoa, mkono wa kulia umefungwa kitambaa chenye samli.

"Mmepita wapi?" Debuli aliuliza bila hata kusalimu.

"Kwenye mialoni."

"Na hilo goti?"

"Na hili goti."

Debuli akafunika uso kwa mkono mzima. "Kaka hayupo, nikajua bhitauli ikija ataileta mwenye goti. Sikutaka uteleze tena. Nikafagia. Malundo yakawa makubwa, nikasema niyachome alfajiri, upepo usiyarudishe njiani. Upepo ukaniwahi."

Gopuli alikasirika, na hasira yake ilikuwa ya kweli. Aliliona pindo la Hemanti lililoungua, akafikiria lililoweza kutokea. Hemanti naye, aliyesikia yote, alipiga magoti akawasha jiko na kuteleka maji, kana kwamba hakuna lililosemwa.

"Umewaambia watu?" Gopuli aliuliza mwishowe.

"Nani angenielewa? Kuleni nyinyi hizo puri. Mimi siwezi kusimama mlangoni kwa mtu."

"Bhitauli hailiwi na mtu mmoja, wifi. Inagawiwa kijiji kizima, na wewe unajua. Vaa viatu."

Walianzia kwa Lachhima, ambaye alikuwa amerejea na bado hajanawa uso. Debuli alimnyooshea sahani kwa mkono mzima.

"Bhitauli yangu imefika," alisema. Kisha akasema, "Ni mimi niliyechoma, Lachhima. Nilikuwa nawafagilia hawa njia."

Lachhima alimtazama, akamtazama Gopuli na ile shali.

"Ng'ombe wangu atakula nini?"

"Kwetu nyasi zipo," Hemanti alisema. "Nitaleta mzigo kwa njia ya juu."

"Mzigo mmoja hauvushi ng'ombe mpaka mvua." Hata hivyo Lachhima alichukua puri moja. Halua aliiacha, wala hakuwakaribisha. Alikuwa anafunga mlango alipoufungua tena kidogo. "Shali ilifaa?"

"Ilifaa, mwanangu."

Akafunga. Nyumba nyingine zilipokea, na mbili hazikufungua kabisa. Sahani ilirudi na puri zilizobaki, na usiku huo Debuli hakugusa hata moja.

Asubuhi moshi ulikuwa bado upo, umehamia bonde la pili. Debuli aliwasindikiza hadi mialoni inapoanzia, sari mpya imekunjwa kwapani, haijavaliwa. Aliinama, akaondoa kijiti mbele ya mguu wa Gopuli, halafu akaushika mkono wake mwenyewe kana kwamba umemkosea.

"Chaiti ijayo," alianza.

Gopuli akangoja, ameegemea fimbo ya Kundan.

"Njoo tena, wifi," Debuli alimalizia. " Hata njia ikiwa chafu, wewe njoo."